Mtoto wa Nani? Namna ya Kutafuta Mzazi na Ukoo kwa Njia ya Kumbukumbu

Miongoni mwa mashauri yanayofikishwa kwa Maafisa Ustawi wa Jamii na Watendaji wa Kata, yako yanayotokana na swali moja la zamani: mtu huyu ni mtoto wa nani? Swali hilo haliji daima kwa sura ileile. Kijana anayeomba Kitambulisho cha Taifa hukwama anapotakiwa kutaja jina la baba yake na mahali alipozaliwa. Mwanafunzi yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi, kumbe jina lililomo katika cheti hicho silo lililomo katika cheti chake cha kuzaliwa. Mjane huketi na ndugu wa marehemu katika kikao cha ukoo, na kabla muhtasari haujaandikwa husimama mtu mzima asiyefahamika na wengi, akasema kwamba yeye naye ni damu ya marehemu.

Kila mmoja wa hao ana haki ya kusikilizwa, na kila mmoja anahitaji ushahidi. Makala hii inaeleza ushahidi huo hupatikana wapi, husomwaje, na una uzito gani mbele ya mamlaka.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina na uraia, na haki ya kuwafahamu wazazi wake wa kumzaa pamoja na jamaa wa ukoo wake. Sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kunyimwa kunufaika na mali iliyoachwa na mzazi wake. Aidha, inataja mambo manne ambayo mahakama huyazingatia kuwa ushahidi wa uzazi: jina la mzazi lililoandikwa katika daftari la vizazi la Msajili Mkuu, baba kutekeleza sherehe ya kimila kwa ajili ya mtoto, mzazi kumkiri mtoto hadharani, na majibu ya vipimo vya vinasaba.

Wananchi wengi wasikiapo habari ya uzazi wenye utata huwaza lile jambo la nne peke yake. Ni vema ikafahamika kwamba yale matatu ya kwanza ni ushahidi pia, na mara nyingi yako karibu zaidi na mlango wa mhusika. Baba aliyemtoa mtoto nje siku ya jina, aliyetoa mnyama wa tambiko, au aliyemtambulisha mtoto kwa wazee mbele ya majirani, alikwisha kutoa ushahidi, hata kama hakuna karatasi iliyoandikwa siku hiyo. Kazi inayobaki ni kuwapata walioshuhudia kabla hawajatangulia mbele ya haki.

Kwa watoto waliozaliwa ndani ya ndoa, Sheria ya Ushahidi ina kanuni yake. Mtoto aliyezaliwa ndoa halali ikiwapo, au katika siku 280 tangu ndoa ivunjike na mama hajaolewa tena, huhesabiwa kuwa wa mume huyo. Anayepinga ndiye anayebeba mzigo wa kuonesha kwamba mume na mke hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ilipotungwa. Minong'ono ya kijijini kuhusu sura ya mtoto haitoshi.

Waulizeni wazee, lakini muwaulize kwa makini

Kila uchunguzi wa nasaba huanza na walio hai. Mtafutaji aandike kwanza anayoyajua mwenyewe, kisha aende kwa ndugu mkubwa kuliko wote aliyebaki, wa upande wa mama na wa upande wa baba. Aende na daftari. Maneno ya mzee yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na jina la mzee huyo na tarehe ya mazungumzo.

Hapa kuna mtego ambao lugha yetu yenyewe huutega. Mzee akisema "baba yangu alitoka Songea", huenda anamtaja baba aliyemzaa. Huenda pia anamtaja baba mkubwa au baba mdogo aliyemlea, kwa kuwa kwa desturi zetu wote hao ni baba. "Ndugu" aweza kuwa wa tumbo moja, au mtoto wa baba mdogo, au mtu wa ukoo mmoja tu. "Bibi" aweza kuwa mama wa mama, dada wa babu, au mke mdogo wa babu. Heshima hiyo ya majina ndiyo iliyowalea yatima wengi bila wao kujiona yatima, lakini kwa mtafutaji wa nasaba huleta mkanganyiko. Swali linalofaa ni hili: "Huyo baba, ndiye aliyekuzaa? Na yeye alizaliwa tumbo moja na nani?" Liulizwe kwa adabu, na lisirudiwe kama mahojiano ya polisi.

Miaka nayo hukumbukwa kwa matukio kuliko kwa tarakimu. Mama akisema mtoto alizaliwa "tukiwa tumehamishiwa kijijini", anazungumzia miaka ya Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. "Wakati wa vita ya Amin" ni 1978 hadi 1979. "Mwaka wa Uhuru" ni 1961, ingawa baadhi ya wazee hutumia neno hilo kwa miaka miwili mitatu ya jirani. Kwa kulinganisha matukio ya namna hiyo, umri usiojulikana huweza kufungwa katika kipindi kifupi, na kipindi hicho ndicho kitakachoambiwa karani anayefungua daftari la zamani.

Kuna mazungumzo ambayo ni mazito kwa anayeulizwa. Mama aliyenyamaza miaka thelathini hakunyamaza bila sababu. Pengine alitendewa ukatili, pengine aliahidi. Asiulizwe mbele ya watu. Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kuombwa awe msuluhishi wa mazungumzo ya aina hiyo.

Wajukuu wa manamba

Wilaya yetu imo katika ukanda wa mkonge, na kwa sababu hiyo maswali ya asili ni mengi kwetu kuliko katika wilaya nyingi nyingine. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safari. Kutokana na miche hiyo yalipatikana mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani. Mashamba hayo yalihitaji mikono, na mikono ilitafutwa mbali. Mwaka 1944 wamiliki wa mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliyosafirisha watu kutoka Kigoma, Songea na Njombe, na hata kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa katika hesabu za shamba mtu alitambulika kwa namba.

Ni dhahiri kwamba mfumo uliomtambua mtu kwa namba haukuwa na haja kubwa ya jina la babu yake. Karani aliandika alivyosikia, au alivyozoea kwao. Herufi "l" na "r" zilibadilishana, silabi ya mwanzo ilipotea, na wapo vibarua waliotoa jina la kijiji au la mtemi wao, likageuka kuwa jina la ukoo la vizazi vitatu vilivyofuata. Wengine walibadili jina kwa makusudi walipohama shamba kabla ya mkataba kwisha. Wengi walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa katika makaburi ya kambi, na watoto wao hawakuwahi kuiona Kasulu wala Mbinga.

Mjukuu anayetafuta upande huo asianze kwa kutafuta jina alilonalo leo. Atafute mambo matatu: kabila au koo iliyotajwa, jina la kambi na shamba, na majina ya watu waliokuja na babu yake katika safari moja. Vibarua waliotoka mahali pamoja mara nyingi walikaa kambi moja, wakazikana na kusimamiana ndoa. Familia jirani ya kambi ile huenda ndiyo iliyobaki na jina la kijiji cha asili. Kadi ya zamani ya kazi, iliyoitwa kipande, ikipatikana ndani ya sanduku la marehemu isitupwe hata kama imeliwa na mchwa. Namba iliyomo na jina la shamba ni mwanzo mzuri. Vivyo hivyo kadi ya uanachama wa NPF, mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964 na kuwa NSSF mwaka 1997.

Baada ya kupata jina la kijiji cha asili, njia iliyo rahisi kuliko zote ni barua ya Mtendaji wa Kata yako kwenda kwa Mtendaji wa Kata ya huko, ikieleza majina yote yanayodhaniwa, miaka, na jina la ukoo kwa matamshi mbalimbali. Redio za kijamii za mikoa hiyo nazo hufika mahali ambapo barua haifiki. Anayejibu kwamba anamfahamu marehemu aombwe aseme yeye kwanza anachokijua, kabla ya kuoneshwa picha au kutajiwa majina. Wapo matapeli wanaojibu tangazo la kutafuta ndugu kwa kuomba nauli.

Daftari la vizazi

Usajili wa vizazi na vifo Tanzania Bara una sheria ya tangu mwaka 1920, iliyoanza kutumika 1921, na sasa unasimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Katika miongo ya mwanzo ulazima wa kusajili uliwahusu hasa Wazungu na Waasia, na wananchi wengi wa vijijini waliozaliwa kabla na hata baada ya Uhuru hawakuandikwa. Kwa hiyo kukosekana kwa jina la bibi yako katika daftari si ajabu wala si dalili ya jambo lililofichwa.

Kizazi huandikishwa katika siku 90 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo husajiliwa kwa utaratibu wa waliochelewa, na aliyepita miaka kumi hutakiwa kuleta vielelezo zaidi: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, cheti cha ubatizo au cha falaki, cheti cha shule na barua ya mtendaji. Maombi hupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au mfumo wa kielektroniki wa eRITA. Kwa watoto wa umri chini ya miaka mitano, mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 umeushusha usajili hadi kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, katika mikoa uliokwisha kufika.

Lakini cheti ni karatasi. Lazima mtu aulize nani alitoa habari zilizomo, na lini. Cheti kilichotokana na tangazo la kizazi la hospitali, lililoandikwa mama akiwa bado wodini, kina nguvu tofauti na cheti kilichopatikana mhusika akiwa na miaka thelathini kwa maelezo ya mjomba aliyetaka mambo ya mirathi yaishe haraka. Vyote viwili vina muhuri uleule. Kumbukumbu iliyoandikwa karibu na tukio, na mtu asiyekuwa na faida ndani yake, ndiyo ya kuaminiwa kwanza. Kanuni hiyo itumike pia kwa hati za viapo, ambazo siku hizi hutolewa kwa wepesi unaotia shaka. Kuapa uongo ni kosa la jinai, hata pale mwapaji anapodhani anamsaidia ndugu.

Safu ya jina la baba ikiwa tupu, isijazwe jina la babu au la mjomba kwa ajili ya kupitisha fomu. Hivyo ndivyo utata wa leo ulivyozaliwa.

Vitabu vya ubatizo na rejesta za shule

Pale ambapo Serikali haikuandika, mara nyingi dini iliandika. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na misheni zilizofuata, za Kikatoliki, Kianglikana, Kilutheri na Kimoraviani, zilihifadhi vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki hutaja jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Pembeni ya ukurasa huongezwa baadaye habari za kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia ya mbali. Alama hiyo ya pembeni ndiyo hazina yenyewe: huonesha mtu aliyepotea alikwenda wapi na kumwoa nani.

Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Maneno "patre ignoto" maana yake ni "baba hajulikani", na hayasemi zaidi ya kwamba siku ile hakuna aliyetajwa. Kwa kanuni ya Kanisa hilo inayotumika sasa, jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huandikwa iwapo kuna hati ya umma inayothibitisha, au yeye mwenyewe ametamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Kwa hiyo jina likionekana humo, halikutiwa kwa uvumi. Wasimamizi wa ubatizo nao wachunguzwe. Mara nyingi ni shangazi, mjomba au rafiki wa karibu wa baba. Vitabu hivi ni mali ya parokia, si ofisi ya umma, hivyo mtafutaji aombe kwa barua na akubali kwamba katibu wa parokia ndiye atakayefungua kitabu.

Rejesta ya uandikishaji ya shule ya msingi ni ya kutazamwa kwa jicho lingine. Ina tarehe ya kuzaliwa, ambayo mara nyingi ilikisiwa ili mtoto apate nafasi, na ina safu ya "mzazi au mlezi". Jina lililomo katika safu hiyo si lazima liwe la baba. Ni la yule aliyemshika mtoto mkono siku ya kwanza ya shule. Hata hivyo huyo alikuwa mtu halisi, alikuwa na makazi, na huenda wanawe wako hai.

Jalada la mirathi

Chanzo ambacho wananchi hukisahau ni majalada ya mirathi katika Mahakama za Mwanzo. Anayeomba kusimamia mirathi huorodhesha warithi, na huambatisha muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina, uhusiano na sahihi au dole gumba la kila aliyehudhuria. Muhtasari wa namna hiyo ni mti wa ukoo ulioandikwa na wenye ukoo wenyewe, mbele ya mahakama. Mtu akimpata babu yake ndani ya jalada la kaka yake babu, amepata kizazi kizima kwa siku moja. Na asiyetajwa humo hajakanushwa kwa kutotajwa. Vikao huitishwa na wenye nguvu, na mtoto wa nje aghalabu hakualikwa.

Nyaraka za zamani za utawala ziko chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwa kawaida husomwa baada ya miaka 30. Halmashauri zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa 1984, hivyo nyaraka za kabla ya hapo zisitarajiwe kupatikana katika masjala yetu.

Vinasaba

Mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, na kipimo hulinganisha sehemu hizo. Mdaiwa akiwa amefariki, ndugu zake wa karibu waweza kupimwa kwa ridhaa yao. Kwa mtoto wa kiume upo mstari wa pekee unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, hivyo babu wa upande wa baba, au baba mdogo wa tumbo moja na marehemu, aweza kutoa jibu lenye maana. Mstari huo hata hivyo huonesha ukoo wa kiume, haumtofautishi baba na kaka yake. Wanaogombania jibu kati ya ndugu wawili walijue hilo mapema.

Vipimo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Mwananchi haendi huko peke yake na mtoto mgongoni. Maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa, zikiwemo mahakama, wakili na Afisa Ustawi wa Jamii. Sheria ya Mtoto nayo inairuhusu mahakama kuamuru anayedaiwa kuwa mzazi apimwe. Majibu hayarudi katika bahasha ya kufunguliwa barazani. Hutolewa kupitia mamlaka iliyoomba, na ushauri nasaha ni sehemu ya kazi hiyo. Baba anayetaka kupima kwa siri ili apate sababu ya kuacha kulipa matunzo atakutana na maswali tangu mlangoni, na kwa maoni yetu hivyo ndivyo inavyostahili.

Pa kuanzia

Ikiwa mtoto hajafikisha miaka 18, shauri lianzie kwa Afisa Ustawi wa Jamii; yeye ni miongoni mwa wanaoruhusiwa kuomba mahakama ithibitishe mzazi, sambamba na mtoto mwenyewe, mzazi na mlezi. Aliyevuka umri huo bado anaweza kuomba, ila kwa idhini maalumu ya mahakama. Mtafutaji aje na nakala, abaki na nyaraka halisi nyumbani, na aje na daftari lake la mazungumzo na wazee.

Pale ambapo mirathi imekwisha kufunguliwa, muda ndio wa kuangaliwa kuliko yote. Mwenye dai la kuwa mtoto wa marehemu aende katika mahakama yenye jalada hilo kabla ya mali kugawanywa, aeleze dai lake kwa maandishi, hata kama vielelezo bado havijakamilika. Nyumba ikishauzwa na fedha kugawanywa kwa warithi sita waliotawanyika mikoani, hata aliyethibitishwa kuwa mtoto halali atapata shida kubwa kuipata sehemu yake.